Somo la Kumi na Sita: Kumpokea Mgeni wa Kompyuta

Kama mwalimu wa darasa amekwisha kuita majina, fungueni madaftari tuanze.

Somo la leo limetoka katika swali. Nilipopita Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mama mmoja wa darasa la jioni alisimama akaniuliza hivi: "Mwalimu, umetuambia kwamba ziko programu za kompyuta ambazo ni mali ya watu wote. Kijana wangu alizijaribu. Alipokwama akauliza, akajibiwa kama mtu aliyekutwa shambani kwa mwenzake usiku. Mali ya watu wote ni mali gani hiyo?"

Sikumjibu siku ile. Leo nitajaribu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: MFUMO ENDESHI. Kompyuta ni chombo tu. Ina vioo, nyaya na vipande vidogo vya chuma, kama vile mashua ilivyo na mbao, injini na usukani. Mashua haijui njia ya kwenda Mbamba Bay mpaka apande nahodha. Mfumo endeshi ndio nahodha wa kompyuta. Ndiyo programu inayoamka unapowasha mtambo, na ndiyo inayogawa kazi: herufi hii iende kwenye kioo, barua hii ihifadhiwe pale, mashine ya kuchapa ingoje zamu yake. Bila nahodha huyo, kompyuta ni sanduku.

Manahodha hao ni wengi. Kompyuta nyingi za ofisini huendeshwa na Windows, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Simu nyingi za kupapasa mlizo nazo mfukoni huendeshwa na Android. Na katika kiini cha Android imo programu iitwayo Linux, ambayo ndiyo habari yetu ya leo. Basi wengi wenu mmekwisha kuitumia Linux miaka mingi bila kutambulishwa kwake.

Sasa andika neno la pili: HURIA. Nataka mlishike vizuri, maana watu hulichanganya na "bure". Tuseme mvuvi wa Liuli amenunua wavu. Muuzaji anamwambia: "Wavu huu utautumia, lakini ukichanika usiufume wewe. Usimwazime ndugu yako. Wala usiutazame sana ukajua mafundo yake yamefungwaje." Mvuvi gani angekubali? Lakini programu nyingi za kompyuta huuzwa kwa masharti ya namna hiyo hiyo. Programu huria ni wavu usio na masharti hayo. Una ruhusa nne: kuutumia kwa kazi yo yote, kuchunguza ulivyofumwa na kuubadilisha, kumpa mwenzako nakala, na kumpa hata nakala uliyoibadilisha wewe. Mara nyingi haulipiwi, ndiyo, lakini bei siyo jambo kubwa. Jambo kubwa ni ruhusa.

Asili yake ni hii. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma na kuugawa. Akauita GNU. Kazi iliendelea miaka kadhaa, lakini kiini chenyewe kilikuwa hakijakamilika. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, akaandika kiini chake mwenyewe, akawaomba watu wengine wakitazame. Walikitazama kweli! Hicho ndicho Linux. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wamekichukua kiini hicho, wakakiunganisha na kazi za GNU na programu nyingine, wakatengeneza mifumo kamili. Mmoja wa mifumo hiyo ni Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, mwanafunzi wa miaka 20. Mwingine ni Ubuntu, ambao tutaurudia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye swali la yule mama. Ukinunua kitu dukani kikaharibika, unarudi dukani. Mfumo huria hauna duka la namna hiyo. Wako mafundi wanaolipwa na makampuni kuutengeneza, na ni wengi, lakini wewe wa Liuli hukuwalipa. Ukikwama unauliza jumuiya: watu wanaoutumia na kuutengeneza, ambao huandikiana kwa njia ya intaneti, kila mmoja kwake. Jumuiya ndiyo duka, ndiyo karakana, ndiyo shule. Kwa hiyo mtu akijibiwa vibaya pale, hana mlango wa pili wa kubisha. Zile ruhusa nne anazo bado, lakini zimelala sandukuni.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi kwa watu kama sisi tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 inadai kompyuta mpya zaidi, na kompyuta nyingi nzima, zinazowaka na kuandika vizuri, haziwezi kuipokea. Fikirini kompyuta zilizoko huku kwetu: za shule, za zahanati, za vyama vya kahawa huko juu Mbinga, zile zilizoletwa na wafadhili zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya miaka mingi. Nyingi ni za kundi hilo. Mwenye fedha atanunua mpya. Asiye nazo anaweza kuendelea na mfumo wa zamani usiotengenezwa, na kuwaachia wezi wa intaneti mlango wazi, au anaweza kuweka mfumo huria. Basi wanaobisha mlangoni mwa jumuiya hizi si vijana wa chuo tu. Ni karani, ni muuguzi, ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaokausha usipa, mwenye hesabu za watu ndani ya mtambo huo.

Nitawaambia jambo langu mwenyewe, ingawa halinipendezi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekwisha kuujua mfumo huria kidogo, nami nikajiona fundi. Mzee mmoja, mtunza hesabu wa chama fulani cha wakulima, alikuwa amewekewa mfumo huo na kijana aliyekuwa akipita tu. Akaja kwangu. Mashine ya kuchapa ilikuwa haitoi karatasi. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Baba, hayo yote yameandikwa katika maelekezo. Yasome." Akasema, "Ahsante, mwanangu," akaenda zake. Maelekezo yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, na mzee yule alisoma Kiswahili tu, tena alikuwa amejifunza utu uzima, kama ninyi. Baada ya miezi michache nilipita ofisini kwake. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamewekwa chupa ya chai. Hesabu zilikuwa zimerudi katika daftari. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinimiminia chai.

"Soma maelekezo" ni jibu la siku nyingi katika jumuiya hizi. Kwa Kiingereza limefupishwa kuwa herufi nne tu, na moja ya herufi hizo ni tusi. Kwa nini watu wenye ukarimu wa kugawa kazi yao bure wawe wakali hivyo kwa mgeni? Nimelifikiri sana jambo hili. Sababu moja ni uchovu: swali ambalo wewe unaliuliza mara ya kwanza, mwenzako amelijibu mara mia. Tena hawaonani nyuso. Mtu akikujia kwa miguu kutoka Lituhi, unauona uchovu wake, unamkaribisha kiti. Barua ya mistari miwili haina uso wala vumbi miguuni. Na iko sababu ambayo wenyewe hawapendi kuitaja: wengi wao walijifunza kwa taabu, nao wameiona taabu hiyo kuwa ada ya kiingilio, kwamba asiyetaabika hakustahili. Lakini hakuna baba wa pwani hii ya ziwa anayemfundisha mtoto kupiga kasia siku ya mwera, ati kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kunusurika na mwera.

Hapa mwalimu wa darasa azime redio kwa dakika kumi. Zungumzeni: je, uko ufundi wo wote hapa kijijini ambao mtu huona haya kuuliza? Ni nini kinachomfanya aone haya?

Sasa tuendelee. Haki yataka niseme pia kosa la mgeni. Mara nyingi mwanagenzi huandika, "Kompyuta yangu haifanyi kazi, nisaidieni," basi. Ukifika hospitalini husemi "naumwa" ukanyamaza. Unasema panapouma, tangu lini, na ulikula nini. Ukitaka kuuliza habari za kompyuta, sema ni kompyuta gani na mfumo gani, ulikuwa unafanya nini, ukatazamia nini, na pakatokea nini badala yake. Yakitokea maneno kwenye kioo, yanakili neno kwa neno, hata kama huyaelewi. Kwa fundi yale ndiyo dalili za ugonjwa. Sema pia umekwisha kujaribu nini. Swali la namna hii hupata jibu hata kwa mtu mchovu. Lakini angalieni: kuuliza vizuri ni ufundi, na ufundi hufunzwa. Anayemfukuza mgeni kwa kuwa hajui kuuliza ni sawa na mwalimu wa kisomo anayemfukuza mwanafunzi kwa kuwa hajui kusoma.

Jumuiya zenyewe zimeliona jambo hili, na baadhi zimejitahidi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, yule aliyekwenda angani mwaka 2002, alianzisha Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian. Jina hilo ninyi hamhitaji kamusi. Ni neno la lugha za kusini lenye shina lile lile la mtu na utu; ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, husema umunthu. Tangu mwanzo Ubuntu iliweka kanuni za mwenendo: kuheshimiana, kumfikiria mwenzio, na kuomba msaada bila haya. Tena walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuliko kanuni. Kwa miaka kadhaa, hata mwaka 2011, walituma santuri za mfumo wao kwa posta, bila malipo, kwa mtu ye yote wa nchi yo yote aliyeomba. Walielewa kwamba mgeni wa mbali hana intaneti ya kutosha kupakua mfumo mzima. Huko ndiko kumpokea mtu.

Debian nayo ilipitisha kanuni zake za mwenendo mwaka 2014, kwa kura za wanachama. Na Linux yenyewe ilichukua muda mrefu zaidi. Linus Torvalds alijulikana kwa barua kali, za kumvunjia mtu heshima mbele ya wenzake. Mwezi Septemba 2018 aliandika kuomba radhi, akasema kwamba hakuwa mtu wa kuelewa hisia za wenzake na kwamba atatafuta msaada. Akaacha kazi kwa majuma machache, na wakati huo huo kanuni mpya za mwenendo zikakubaliwa. Wako waliomcheka na wako waliokasirika. Mimi naona kwamba mtu mzima kukiri hadharani mbele ya maelfu si jambo jepesi, na sisi wa darasa la watu wazima twalijua zaidi kuliko wengine.

Hata hivyo kanuni hazitoshi. Kanuni huzuia tusi, haitoi jibu. Mgeni anaweza kukaa katika nyumba isiyo na matusi na bado asiambiwe maji yako wapi. Zilizofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni njia za kumpa mgeni kazi na mtu wa kumwongoza. Siku hizi jumuiya nyingi hutenga kazi ndogo ndogo na kuziwekea alama kwamba hizi ni za wageni. Fundi mwenye ujuzi angeimaliza moja kwa nusu saa, lakini huiacha makusudi, kama mama anavyomwachia mtoto maharage ya kuchambua ingawa mikono yake mwenyewe ni myepesi zaidi. Uko pia mpango uitwao Outreachy, uliotokana na juhudi iliyoanza mwaka 2006 ya kuwaleta wanawake katika jumuiya ya GNOME. Mpango huo humlipa mwanagenzi posho kwa miezi kadhaa na kumpa mwongozi, na huwatafuta hasa wale ambao ni wachache au wamebaguliwa katika kazi hii. Posho si jambo dogo. Kufanya kazi bure usiku ni rahisi kwa mtu ambaye mchana amelipwa.

Sasa nifike kwenye lugha, maana kwetu ndiyo kizingiti cha kwanza. Mnajua kwamba Wajerumani waliita Liuli "Sphinxhafen", kwa sababu ya lile jiwe ambalo ukiwa ziwani waliliona linafanana na sanamu ya Misri. Jina hilo limo katika vitabu vya habari za vita ya 1914. Lakini halikumwambia neno mvuvi wa hapa, ambaye hakuwahi kuiona Misri. Ndivyo kompyuta inavyosema nasi. Inaonya, inauliza, inaomba ruhusa, yote kwa majina ya watu wengine.

Ndiyo sababu kazi moja ya Dar es Salaam yastahili kukumbukwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walianzisha mradi ulioitwa Kilinux, wa kuzifanya programu huria ziseme Kiswahili. Mwezi Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu, yote kwa Kiswahili. Hawakuomba kibali cha kampuni, maana ile ruhusa ya kubadilisha ilikwisha kutolewa. Ilibidi kwanza watafute maneno, wakubaliane: hiki kiitwe faili, kile kiitwe kipanya. Hata neno kompyuta lina mabishano, maana wako wanaosema tarakilishi. Mimi sioni haja ya kugombana. Neno linaloeleweka sokoni ndilo zuri.

Lakini programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isipofuata hubaki nyuma kama nguo ya mtoto anayekua. Kazi ya namna hii haimalizwi na chuo kimoja, inataka watu. Na hapa, ndugu zangu, ninataka mnisikilize kwa makini, maana watu hudhani kwamba anayehitajika ni mtaalamu. Mtaalamu amekwisha kuzoea. Hawezi tena kuona neno gani ni gumu. Anayejua mahali msomaji anapojikwaa ni yule aliyejikwaa jana. Ninyi mliojifunza kusoma mkiwa watu wazima mnacho kitu ambacho fundi wa Helsinki hawezi kukirudisha, nacho kitawatoka ninyi pia mkikaa mwaka mmoja au miwili. Kitumieni mapema.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani anayetaka kujaribu, nitasema machache ya vitendo. Mfumo kama Ubuntu ni mzigo mkubwa. Siku hizi waweza kuzidi gigabaiti 5, na kuupakua kwa vifurushi vya simu ni kuchoma fedha. Basi mtu mmoja na aupakue mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, labda Songea, auweke katika flashi. Wengine wote wanakili kutoka kwake. Siyo wizi, ni ile ruhusa ya tatu. Tena mfumo huo unaweza kuwashwa kutoka katika flashi yenyewe bila kufuta kitu ndani ya kompyuta. Jaribu hivyo kwa siku kadhaa. Tazama kama sauti inatoka, kama mashine ya kuchapa inaitika. Ukiamua kuuweka kabisa, nakili kwanza kazi zako zote mahali pengine, hasa hesabu za watu. Nasisitiza hili la hesabu.

Na asikae mtu peke yake. Wawili watatu wakijifunza pamoja, mmoja huandika swali, mwingine hunakili maneno ya kioo, wa tatu, anayejua Kiingereza kidogo, hulituma. Jibu likija, liandikeni kwa Kiswahili katika daftari moja la darasa, pamoja na tarehe. Atakayekwama mwezi ujao hatahitaji kuuliza ng'ambo; atafungua daftari. Akina mama wa Liuli wameniahidi kuanza daftari hilo, nami nimewaahidi kwamba nikipita tena nitaandika ukurasa wa kwanza: namna ya kuitengeneza mashine ya kuchapa isiyotoa karatasi.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kompyuta hutoa ilani nyingi. Chagueni tatu hizi: kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa, kwamba kazi yako haijahifadhiwa nawe unataka kufunga, na kwamba neno la siri uliloandika si sahihi. Kila mmoja aziandike kwa Kiswahili chake mwenyewe, kila ilani isizidi maneno kumi. Kisha amsomee mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kugusa kompyuta, amwulize ameelewa nini. Neno lisiloeleweka lipigwe mstari na kuandikwa jingine. Leteni madaftari darasani juma lijalo, yale yenye mistari mingi yatangulie kusomwa. Kwaherini.